Mizani Mpya Isiachiwe Mlanguzi

Mkulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, katika miaka ya ukoloni, alijua vyema maana ya kunyonywa kwa mizani. Alilima kwa jembe la mkono, akavuna, akabeba mzigo wake hadi mahali pa kuuzia, na huko akamkuta mtu mmoja ambaye ndiye mwenye mizani, ndiye mwenye bei, na ndiye mwenye kauli ya mwisho. Ukombozi wake ulianza pale wakulima walipoamua kuweka wapimaji wao wenyewe. Paul Bomani, mzaliwa wa Ikizu, alikuwa miongoni mwa viongozi wa harakati hizo, na kufikia mwaka 1955 wakulima walikuwa wamejenga Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuwa moja ya mashirikisho makubwa ya ushirika barani Afrika.

Leo mizani imebadilika sura. Mnunuzi aliye Dar es Salaam, Muscat au London hafiki gulioni. Huandika katika simu yake jina la kitu anachokitaka, na mlango unaofunguka kwanza ndio anaouingia. Mwenye mlango huo ndiye mwenye mizani. Swali linalowakabili wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama ni hili: mlango wa mali yao utakuwa wa nani?

Hapana shaka kwamba mali ipo. Musoma ina ziwa, na ziwa lina dagaa. Bunda iko katika barabara kuu itokayo Mwanza, ambayo kando yake liko lango la Ndabaka la kuingilia Hifadhi ya Serengeti kutoka magharibi. Butiama ni mahali alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na ndipo alipozikwa mwaka 1999. Hakuna wilaya nyingine duniani inayoweza kudai heshima hiyo. Lakini wako wanaojifariji kwa methali kwamba kizuri chajiuza. Katika biashara ya mtandao methali hiyo haitoshi. Kizuri kisicho na anwani hununuliwa kwa bei ndogo na yule mwenye anwani, kisha huuzwa naye kwa bei kubwa.

Kosa la kwanza la wengi wanaoanza biashara ya mtandao ni kutaka kuwauzia watu wote vitu vyote. Mfanyabiashara mdogo wa Musoma akifungua duka la mtandao la nguo, viatu na simu, atashindana na makampuni yenye maghala makubwa, naye atashindwa. Nguvu yake iko katika soko dogo lenye haja mahsusi ambayo wakubwa hawaijali au hawawezi kuitimiza. Dagaa waliokaushwa juu ya vichanja, wasio na mchanga, wakafungwa vizuri na kuandikwa tarehe na mahali walikovuliwa, wana mnunuzi wao. Mnunuzi huyo ni Mtanzania aliye mbali na nyumbani, ni mama anayemlisha mtoto, ni shule inayotafuta kitoweo cha bei nafuu. Hali kadhalika, watalii wengi huletwa Serengeti kwa njia ya Arusha, lakini msafiri anayetoka Mwanza kwa barabara anahitaji kulala, kula na kuongozwa akiwa Bunda. Na Butiama ina mgeni wa aina yake pekee. Huyu ni mwalimu wa historia, ni mwanafunzi wa chuo, ni Mwafrika wa nchi yoyote ambaye nchi yake ilipiganiwa uhuru kwa msaada wa Tanzania, na anataka kuliona kaburi na Makumbusho ya Mwalimu, na kusikia habari kutoka kwa wenyeji.

Masoko haya yapimwe kabla ya kutumia fedha. Je, wapo watu ambao tayari wanaulizia kitu hicho? Je, kitapatikana kwa ubora uleule mwezi hadi mwezi? Je, baada ya kulipia vifungashio, usafiri, vibali vya uvuvi na alama ya ubora ya TBS, itabaki faida? Ikiwa jibu la swali lolote ni hapana, tovuti haitaliponya tatizo hilo.

Soko likishapatikana, ndipo linapokuja suala la jina. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, halinunuliwi likawa mali ya milele. Husajiliwa kwa muda, aghalabu mwaka mmoja, na huhuishwa kwa malipo. Anayetangulia kusajili ndiye anayepewa, na anayesahau kulipa hupoteza. Usajili wa kampuni au jina la biashara BRELA haumpi mtu jina hilo katika mtandao. Ni mambo mawili mbalimbali. Katika majina yanayoishia na .com, mtu wa nchi yoyote aweza kusajili jina la kijiji asichokijua. Tanzania ina uwanja wake wenyewe wa .tz. Kituo cha kuusimamia, tzNIC, kilianzishwa mwaka 2006, na leo kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Biashara hutumia .co.tz, taasisi zisizo za biashara .or.tz, na shule .sc.tz.

Anayedhani kwamba herufi chache haziwezi kuwa mali na atazame visiwa vidogo vya mbali. Tuvalu, nchi yenye watu wapatao elfu kumi, imepata mamilioni ya dola kwa kukodisha matumizi ya herufi zake, .tv, kwa sababu dunia inazisoma kama televisheni. Anguilla, kwa herufi .ai ambazo makampuni ya akili mnemba yanazigombea, ilipata kiasi cha dola milioni 32 za Marekani katika mwaka 2023. Kwa upande mwingine, maneno ya Kiswahili "Hakuna Matata" yalisajiliwa nchini Marekani mwaka 2003 kuwa alama ya biashara ya kampuni ya Disney kwa ajili ya nguo. Wenye lugha walipolalamika mwaka 2018, usajili ulikuwa na umri wa miaka kumi na mitano.

Hata hivyo, funzo hili lisigeuzwe kuwa ruhusa ya ulanguzi. Wako wanaohubiri kwamba njia ya utajiri ni kusajili majina mengi, kuyaficha, na kungoja mwenye haja aje kuyanunua kwa bei ya juu. Hiyo haina tofauti na kuficha sukari na sabuni, mwenendo ambao Serikali iliupiga vita mwaka 1983 chini ya uongozi wa Waziri Mkuu Edward Sokoine. Mlanguzi wa majina hazalishi dagaa, hapokei mgeni, halimi pamba. Anakaa mlangoni tu akidai ushuru. Tena jina la Mwalimu, ambaye maisha yake yote alipinga kujilimbikizia mali, lisifanywe chambo cha mtu binafsi. Jina la Butiama lifae wana-Butiama wote.

Njia iliyo salama ni ile ile ya 1955: ushirika. Mvuvi mmoja hawezi kujaza mzigo wa mteja wa mbali kila wiki, lakini kikundi chaweza. Kikundi kisajili jina kwa jina la kikundi, si la kijana aliyetengeneza tovuti wala la katibu. Nywila na stakabadhi zikabidhiwe kwa maandishi kila uongozi unapobadilika, na tarehe ya kuhuisha iandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Mali bila daftari hupotea bila habari. Jina lenyewe liwe fupi, la Kiswahili, linaloweza kutamkwa katika simu na likaandikwa bila kukosewa, wala lisiige alama ya mwingine.

Hapa ndipo wajibu wa mtumishi wa umma na mwalimu unapoonekana. Ofisa ushirika anayekagua hesabu za chama aulize pia jina la tovuti limesajiliwa kwa nani na linaisha lini. Ofisa uvuvi awaeleze akina mama wakaushaji masharti ya vibali kabla hawajapokea fedha za mteja. Ofisa utamaduni wa Butiama awakusanye wazee na waongozaji wageni wakubaliane juu ya anwani moja ya pamoja. Mwalimu wa sekondari, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kompyuta pekee mtaani, awafundishe vijana kutengeneza na kutunza tovuti ya kikundi cha wazazi wao.

Gharama ya kusajili jina la .co.tz kwa mwaka haizidi bei ya gunia la mahindi. Kwa hiyo kikwazo si fedha. Kikwazo ni kungoja hadi mwingine atangulie, kisha kuanza kulalamika.