Kimbunga Hakikuja, Mawe Bado Yako Juu

Bila shaka mwaikumbuka Mei 2024. Shule zilikuwa zifunguliwe, zikaahirishwa kwa ajili ya mafuriko, na redio nayo ikatangaza kwamba Kimbunga Hidaya chaelekea pwani ya Tanzania. Huku kwetu tulionywa juu ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Mtaani kwetu Likoni watu walifanya nini? Walipanda juu ya nyumba wakaweka mawe.

Sisi pia tuliweka. Mimi ndiye niliyempokeza babangu mawe yenyewe, matano, pamoja na tairi kuukuu. Mamangu hakupanda popote. Alijaza mitungi maji, akatia vyeti vyetu vya kuzaliwa katika ndoo yenye kifuniko, kisha akaniagiza nikazibue mtaro nyuma ya nyumba. Sikwenda. Kupanda paa kulinipa sifa kwa wenzangu. Kuzoa chupa na matope, je?

Kimbunga kilifika Mafia tarehe 4 Mei kikiwa kimekwisha kupungua nguvu. Paa letu halikutikisika. Lakini mvua ilinyesha na maji ya mtaro yakaingia jikoni, unga wote ukaharibika.

Tangu siku hiyo majirani hucheka, "Ati kimbunga!" Wana hoja, siwanyimi. Katika Jiografia twafunzwa kuwa vimbunga havifanyiki karibu na Ikweta, maana huko nguvu ya dunia ya kuuzungusha upepo ni ndogo mno, na Mombasa iko digrii 4 tu kusini yake. Haya basi, Unguja iko digrii 6. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga, kikang'oa mikarafuu na kuharibu merikebu za Seyyid Barghash. Ndizo digrii mbili hizo tunazozilalia usingizi?

Maoni yangu ni kwamba mawe yashushwe. Upepo mkali ukiingia chini ya bati huliinua na jiwe lake, na jiwe likishuka halichagui kichwa. Kinachoshika bati ni misumari, hasa ukingoni, na mbao za paa kufungwa ukutani kwa waya. Kazi hiyo haifanyiki usiku ambao redio inapiga kelele.

Babangu ameyasoma haya kabla sijayaleta kwa mhariri. Alinyamaza kitambo, akasema tutayashusha Jumamosi, ila nianze na mtaro.