Tembo anavuka mpaka, mwongoza watalii anaishia Namanga

Kaa Namanga asubuhi moja uone. Gari la utalii kutoka Nairobi linasimama, wageni wanashuka na mabegi, kamera zenye lenzi ndefu kama mkono zikining'inia shingoni. Wakishagongewa mihuri ya uhamiaji, wanapanda gari jingine lenye namba za Tanzania. Dereva wa kwanza anageuza na kurudi alikotoka. Mama anayeuza shanga ndiye pekee anayefanya biashara na pande zote mbili.

Utaratibu huo unatokana na makubaliano ya 1985 baina ya Kenya na Tanzania. Gari la utalii huwashusha wageni kwenye vituo vilivyotajwa mpakani. Haliingii hifadhi za jirani.

Sisemi wote ufutwe. Arusha wana hoja: ndege nyingi za kimataifa hutua Nairobi, na mpaka ukiachwa wazi kabisa, mgeni atakuja na gari, dereva na mpishi wake, aiachie Tanzania kiingilio cha hifadhi tu. Serengeti ibaki ilivyo. Tuliona Desemba 2014 Kenya ilipozuia magari ya utalii ya Tanzania kuingia uwanja wa Jomo Kenyatta, na Machi 2015 Tanzania ikapunguza safari za Kenya Airways. Hakuna aliyefaidika.

Ugomvi wangu ni juu ya nyika kame ya Amboseli, Longido na Enduimet, hadi Ziwa Natron. Huko mvua ni haba, vumbi ni jingi, na mnyama hufuata maji na majani bila kuuliza nchi. Tembo wa Amboseli huingia Enduimet na kurudi. Heroe wadogo unaowaona Nakuru na Bogoria, karibu wote walianguliwa Natron.

Mpiga picha si mtalii wa kupita. Anataka Kilimanjaro alfajiri kabla mawingu hayajaufunika, na yuko tayari kungoja siku tatu kwa tembo mmoja. Anahitaji mtu anayejua choroa hunywa wapi na swala twiga hujificha kichaka gani. Mtu huyo ni kijana wa Kimasai wa Kajiado au Longido, mwenye shangazi ng'ambo ya pili. Akichunga mbuzi anavuka. Akiongoza mgeni anakuwa mhalifu. Tena Julai 2025 Tanzania iliweka kazi ya kuongoza watalii kwenye orodha ya biashara zilizokatazwa kwa wasio raia.

Wewe mfanyabiashara unajua dawa ipo. Mzigo wa mazao ya Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000 unavuka kwa cheti rahisi cha uasili, kinachotolewa hapo hapo mpakani. Kwa nini huduma ndogo isipate cheti kama hicho? Kiwe cha waongozaji wadogo, wakazi wa wilaya za mpakani, waliosajiliwa pande zote mbili. Akivuka, aungane na mwenzake wa upande ule na wagawane malipo, kila nchi ichukue ada yake. Kampuni kubwa za Nairobi na Arusha zisikiguse.

Faida haitakuwa ya waongozaji peke yao. Kundi linalolala nyikani siku nne linahitaji maji, gesi, mkate, nyanya na vitunguu vya Kimana, na fundi wa kuziba pancha, maana miiba ya huko haina huruma. Vyote vinanunuliwa Namanga na Longido, si kwenye hoteli za mjini.

Vyama vya wafanyabiashara wa Namanga vimezoea kupeleka malalamiko ya mahindi na vitunguu kwa maofisa wa kituo cha pamoja. Safari ijayo viongeze hili. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ndicho msimu wa wapiga picha, na maombi ya mpakani huchelewa kujibiwa.