Kabla mseme "fungeni bandari", pandeni kwanza hapa Kapsokwony

Wasee, tuongee ukweli kidogo.

Novemba 2025 Rais Museveni alikuwa Mbale, akasema Uganda nayo ina haki ya bahari, na kwamba wakinyimwa njia, huko mbele kunaweza kuwa na vita. Akatoa mfano wa jumba la ghorofa: uwanja hauwezi kuwa wa wale wa chini peke yao. Kabla kuche, Wakenya mitandaoni walikuwa washatangaza vikwazo. Fungeni bandari! Kateni mafuta! Tuone kama watakunywa maji ya Ziwa!

Mimi niko Kapsokwony. Mbale iko upande wa pili wa huu mlima. Wewe ukipiga hizo kelele ukiwa Nairobi, sisi huku tunapiga hesabu ya nani atalipa.

Na si mara ya kwanza. Februari 1976 Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya Kenya ni ya Uganda kihistoria, mpaka kama kilomita 32 hivi ufike Nairobi. Kitale ndani, Bungoma ndani, hapa kwetu ndani. Na hakuitoa hewani, bana. Mwaka wa 1902 Waingereza walichukua Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakaubandika upande wa Kenya, kwa kalamu tu, bila kumuuliza mzee hata mmoja. Lakini mwaka wa 1964 viongozi wa Afrika walikaa Cairo wakakubaliana: mpaka uliokuwepo siku ya uhuru ndio huo huo. Bila hivyo bara zima lingekuwa kesi ya shamba.

Kenyatta akajibu kwamba hata inchi moja haitoki. Watu wakaandamana. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kugusa mizigo ya Uganda. Kabla mwezi uishe Amin alikuwa ashaanza kulegeza maneno.

Najua mnachotaka kusema: si umeona, ilifanya kazi! Ndiyo, ilifanya kazi. Lakini angalia ilifanya kazi vipi. Dai lilikuwa moja na linaeleweka: ondoa mikono kwa ardhi yetu. Aliporudi nyuma, mlango ulikuwa wazi.

Sasa tazama Julai ya mwaka huo huo. Makomando wa Israeli walivamia Entebbe, na ndege zao zikatia mafuta Nairobi. Amin akawaka. Wakenya walioishi Uganda wakauawa. Kenya nayo ikadai Uganda ilipie bidhaa kwa shilingi za Kenya, na mafuta yakakauka kule. Agosti wajumbe wakakaa Nairobi, wakapatana. Lakini niambie, kati ya wale wakubwa nani alikosa chakula? Amin alibaki Ikulu mpaka 1979, na aliyemtoa ni jeshi la Tanzania pamoja na Waganda wenyewe. Waliolipa ni wale waliouawa, na yule mama wa Uganda aliyekosa mafuta ya taa.

Na huku mpakani? Waulizeni wazee wa Chepkube. Miaka hiyo hiyo serikali zikitishiana, kahawa ya Uganda ilikuwa inavuka usiku, gunia juu ya gunia. Baridi ilikuwa imeharibu kahawa ya Brazil mwaka wa 1975, bei ya dunia ikapaa, na serikali ya Amin ilikuwa inamlipa mkulima vijisenti. Kwa hivyo msidhani mpaka wa mlima huu unafungwa na tangazo. Ukifunga barabara, unamfungia tu yule mama wa vitunguu anayepita kwa haki. Mwenye magendo anajua njia, na wewe umempandishia bei.

Kingine. Uganda ndiyo mnunuzi wetu mkubwa kuliko nchi yoyote Afrika. Kufunga Malaba ni kufunga duka letu wenyewe kwa hasira. Na mteja ukimtishia kila wiki anatafuta duka lingine. Mwaka wa 2016 Uganda ilipochagua njia ya bomba lake la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima, haikuchagua Lamu. Ilichagua Tanga.

Museveni naye asijione ameshinda. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, wa 1982, unazipa nchi zisizo na pwani haki ya kufika baharini na kupitisha mizigo, kwa masharti ya kukubaliana na jirani. Hauzipi umiliki. Mpangaji wa ghorofa ya juu ana haki ya kutumia ngazi. Hati ya uwanja hana. Na kutisha watu na vita ukiwa Mbale, mahali ambapo hata sisi tunakusikia, si uongozi.

Lakini hiyo sheria inatufunga na sisi. Wa chini hana ruhusa ya kung'oa ngazi kwa sababu jirani ameongea vibaya.

Sisemi vikwazo kamwe. Mtu akidai udongo ninaosimama juu yake, kama Amin, mbane. Ila sema unataka nini, sema utaachilia lini, dawa na chakula viache vipite, na simu ya mabalozi isizimwe. Adhabu bila dai ni hasira tu, na hasira yenu italipiwa na watu wa mpakani.

Sisi Wasabaot tuna ndugu zetu Wasebei kule Kapchorwa. Tunaoana, tunazikana. Ule mstari wa 1902 tumeishi nao zaidi ya miaka 120 bila kuuhamisha na bila kuacha kuuvuka.

Kwa hivyo ukitaka kuandika tena "fungeni", panda matatu kwanza uje mpaka Lwakhakha siku ya soko. Mwambie yule mama mwenye gunia la viazi, usoni, kwamba ni yeye utaanza naye.