Mayai ya sadaka na mtoto wa miaka miwili



Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kubatiza watoto katika kigango kimoja cha Nyanda za Juu Kusini. Ilikuwa baada ya mavuno. Wakati wa matoleo waamini walikuja mbele na mahindi, maharage, viazi, parachichi na kuku. Mama mmoja, mtoto wake akiwa mgongoni, alileta kikapu cha mayai. Baada ya Misa familia yake ikaomba tupige picha, nami nikampokea mtoto. Nilishtuka. Nilikuwa nimejiandaa kubeba mtoto, nikajikuta nimebeba kanga. Nilidhani ana miezi tisa au kumi. Mama akaniambia, "Anakaribia miaka miwili, Padre."

Nikamuuliza mtoto anakula nini. "Uji. Na ugali tukipika." Nikamuuliza kuhusu mayai. Alicheka kwa haya akasema, "Mayai tunauza, Padre. Na yale mengine ndiyo nimekuletea wewe."

Mayai yale niliyala. Nilikaangiwa mawili kila asubuhi kwa wiki nzima, na kila asubuhi nilimkumbuka yule mtoto. Leo naandika kwa sababu sijamsahau.

Mwinjili Marko, katika sura ya 10, anatusimulia kwamba watu walimletea Yesu watoto wadogo ili awaguse, na wanafunzi wakawazuia. Yesu alichukizwa. Aliwaita watoto, akawakumbatia, akawawekea mikono na kuwabariki. Nimehubiri somo hilo mara nyingi, na kila mara nimewalaumu wale wanafunzi. Siku ile, nikiwa na mtoto mwepesi mikononi na kikapu cha mayai sakristia, nilielewa kwamba mtu anaweza kumzuia mtoto asiifikie baraka yake bila kusema neno lolote la ukali. Inatosha kukaa mahali pake mezani.

Usidhani yule mama hakumpenda mwanawe. Alimpenda. Alimvalisha nguo nyeupe ambayo huenda iligharimu mayai mengi kuliko aliyonipa. Hapo ndipo penye jambo zito: mtoto anaweza kupendwa kwa moyo wote na bado akadumaa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano hapa Tanzania wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa ambayo malori ya mahindi na viazi hutoka huko kwenda kulisha miji. Huko karibu nusu ya watoto, na Iringa zaidi ya nusu, wamedumaa. Ghala limejaa, mtoto amepungua.

Wataalamu wanatuambia kwamba msingi wa mwili na akili ya mtu hujengwa katika siku 1,000 za kwanza. Hesabu ni rahisi: siku 270 tumboni, 365 za mwaka wa kwanza na 365 za mwaka wa pili. Baada ya hapo ni vigumu sana kurudisha kilichopotea. Tumezoea kusema samaki mkunje angali mbichi, na tukisema hivyo tunafikiria adabu. Lakini mifupa na ubongo navyo vina ubichi wake, na haungoji mtoto aanze shule.

Pengine utasema, "Padre, wewe hujalea. Utatufundisha nini?" Ni kweli, sijawahi kuamka usiku kwa ajili ya mtoto wangu. Lakini nimeamshwa usiku kwenda kuwabatiza watoto walio mahututi, na nimetangulia mbele ya majeneza madogo ambayo mtu mmoja hubeba peke yake. Kwa hiyo niruhusu nikukumbushe mambo ambayo wauguzi wa kliniki huyasema kila siku, na ambayo sisi wahubiri tumeyaona madogo mno kwa mimbari.

Mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Kwa miezi sita ya kwanza maziwa ya mama yanamtosha; hahitaji maji, uji, wala asali. Bibi akisema mtoto ana kiu, mjibu kwa heshima kwamba maziwa yana maji ndani yake. Ikiwa daktari ameagiza vingine, mfuate daktari. Baba Mtakatifu Fransisko, alipokuwa akibatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina, aliwaambia akina mama wasione haya kuwanyonyesha pale pale wakilia kwa njaa. Kama inafaa chini ya michoro ya Michelangelo, inafaa pia kwenye benchi la kigango chako.

Akitimiza miezi sita, aanze chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo ale kidogo kidogo na mara nyingi: mara mbili au tatu kwa siku mwanzoni, kisha tatu hadi nne kuanzia miezi tisa. Uji mweupe peke yake humshibisha bila kumjenga. Utie karanga zilizosagwa vizuri au maziwa. Mpondee maharage, parachichi, papai na mboga za majani. Mpe dagaa waliosagwa. Na mpe yai. Kuna mahali bado wanaamini kwamba mtoto akila mayai atachelewa kusema. Nawaombeni, imani hiyo tuiache.

Mpeleke kliniki hata akiwa mzima. Sheria ya Kanisa, katika Kanuni ya 867, inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika wiki za kwanza. Katika wiki hizo hizo, akifikisha wiki sita, zahanati nayo inamngoja kwa chanjo. Usimpe moja ukamnyima nyingine. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi tisa na hurudiwa miezi 18, na hii ya pili wengi huisahau kwa sababu mtoto sasa anakimbia. Alale ndani ya chandarua. Aliyetoka chooni anawe kwa sabuni kabla ya kumshika. Akiharisha, usimwachishe ziwa. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati, na umwahishe kwa mhudumu wa afya.

Lakini mtoto haishi kwa uji tu, hata ukiwa na karanga. Anahitaji uso wa mtu. Mwongeleshe unapomwogesha, mwimbie unapotwanga, mtajie majina ya vitu njiani kwenda kisimani au dukani. Haelewi, utasema. Hujui ni siku gani ataanza kuelewa, basi usisubiri. Siku hizi naona hata kanisani mtoto wa mwaka mmoja akilia anapewa simu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza mwaka asikae kabisa mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku. Simu inamnyamazisha, lakini haimjibu.

Sasa niseme na akina baba. Nabii Hosea, katika sura ya 11, anamchora Mungu kama mzazi anayemfundisha mtoto kutembea, anayemshika mikono, anayeinama ili amlishe. Kama Mungu mwenyewe haoni aibu kuinama na kumlisha mtoto, wewe unaogopa nani atakuona? Sheria yetu ya kazi humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na baba siku zisizopungua tatu. Tatu ni chache, lakini nimewajua wanaume waliozimaliza zote kwenye pongezi za marafiki. Mkeo anapotoka shambani na kuni kichwani na mtoto mgongoni, nawe umeshika jembe tu, ujue kwamba chakula cha mtoto kinapotea hapo njiani. Mama aliyechoka hana nguvu ya kupika mara nne. Kumpunguzia mzigo ni kumlisha mtoto.

Na fimbo? Wapo wanaomchapa mtoto wa miaka miwili kwa sababu amemwaga uji, amejikojolea, au amesema "sitaki". Wanaita ukaidi. Kanuni ya 97 ya Sheria ya Kanisa inasema kwamba mtoto anahesabiwa kuwa na uwezo wa kutumia akili anapotimiza miaka saba. Ndiyo maana hatumpeleki kitubioni kabla ya hapo. Ikiwa Kanisa halimwoni kuwa na dhambi ya kuungama, wewe unamwadhibu kwa dhambi gani? Mzuie asiguse moto, mwondoe kwenye kisu, mwambie hapana kwa sauti tulivu, na urudie kesho, maana atasahau. Kamwe usimtikise kwa hasira. Ubongo wake bado laini. Ukiona hasira inakuzidi, mlaze mahali salama, toka nje, vuta pumzi, mwite jirani. Kuomba msaada si kushindwa ulezi.

Sisi wa Kanisa nasi tujisahihishe. Ubatizo wa mtoto mchanga tunaudai kwa haki, na semina ya wazazi na wasimamizi tunaifanya. Kwa nini semina hiyo isimkaribishe muuguzi kwa nusu saa? Jumuiya ndogondogo hukutana kila wiki kusali. Kwa nini isiulize pia nani amejifungua, nani amebaki peke yake, nyumba gani hakuna wa kupika? Msimamizi wa ubatizo anayetoa rozari na nguo nyeupe anaweza kutoa pia kuku wa mayai.

Kuhusu mimi, nilirudi katika kigango kile mwaka uliofuata. Wakati wa matoleo yule mama alikuja tena na kikapu. Baada ya Misa nilimwomba tugawane: nusu kwangu, nusu kwa mtoto, na nikamweleza sababu. Alisita, akaona kama nimeikataa sadaka yake. Nikamwambia kwamba nimeipokea yote, ila nusu naomba anitunzie nyumbani kwake, kwenye sahani ya mwanawe. Tangu siku hiyo, anayeniletea mayai namuuliza kwanza kama wadogo wa nyumbani wamekula. Wengine hucheka. Wachache hugeuka na kurudi nayo nyumbani, nami nafurahi.

Leo ukirudi kutoka kanisani, kabla hujampakulia mgeni, mtazame aliye mdogo kuliko wote nyumbani mwako. Angalia sahani yake ina nini. Kisha mkalishe mapajani umlishe mwenyewe, hata kama wewe ni baba, hata kama wageni wanatazama.

Nakutakia Dominika njema.