Mtambo Usimsahihishe Bibi

Siku hizi kijana wa Mombasa, Malindi au Lamu akitaka kuandika hadithi, hahangaiki na daftari na kalamu ya wino. Huandika kwa kompyuta, au hata kwa simu ya mkononi, na akisha kumaliza huuachia mtambo uliomo humo kazi ya kusahihisha. Mtambo hupiga mistari myekundu chini ya maneno usiyoyajua, naye huyafuta moja baada ya jingine mpaka ukurasa uwe safi. Sisi twaonelea usafi huo wafaa kuangaliwa mara ya pili.

Hatusemi kwamba mtambo ni mbaya. Tangu miaka ya 1980, Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland, alishika kazi ya kuuwezesha mtambo kulichambua neno la Kiswahili kiambishi kwa kiambishi, na juhudi za namna hiyo zastahili shukrani. Mwandishi aliyeruka herufi, au aliyerudia neno kwa uchovu wa usiku, hukumbushwa papo hapo bila ya kuaibishwa mbele za watu.

Lakini mtambo haujui ila ulichofundishwa, na aghalabu umefundishwa Kiswahili Sanifu. Jambo hili lina historia yake, na sehemu yake ilipitia mjini kwetu. Ni katika mkutano uliofanywa Mombasa mwaka 1928 ndipo Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuusimamia uamuzi huo. Kimvita kikabaki majumbani, baharini na katika mashairi.

Natutoe mfano. Bibi katika hadithi amwambia mjukuu wake, "Ndoo, mwanangu, unipimie mtele," kisha akateka. Mtambo utalipigia mstari neno "mtele", lakini "ndoo" utaliacha lipite, kwani kwao ni chombo cha maji, si "njoo". Na bibi aliyeteka, yaani aliyecheka, kwa mtambo huenda amekwenda kisimani. Kijana akifuata mistari myekundu peke yake, bibi atasema, "Ndoo, mwanangu, unipimie mchele." Huyo si bibi wa Mji wa Kale tena, wala si wa Unguja. Ni bibi asiyekuwa na kwao.

Tena mtambo unaokagua tahajia tu hauoni kosa katika "kitabu yangu", maana kila neno limeandikwa sawa. Maneno hayo yakitoka kinywani mwa mhusika aliyekulia mitaa ya Nairobi, huenda yakawa ndiyo hasa yanayotakiwa. Yakitoka kwa msimulizi, ni aibu. Mtambo haujui nani anayesema. Ajuaye ni mwandishi.

Kwa hivyo twawashauri vijana wetu hivi. Kwanza, maliza hadithi yako ndipo uite mtambo. Pili, uachie maneno ya msimulizi, lakini maneno ya wahusika usiyaguse mpaka ujiulize ni nani huyu na kwao ni wapi. Mitambo mingi hukuruhusu kuongeza maneno katika kamusi yake, basi tia humo "mtele" na "ndia" ili usisumbuliwe tena.

Tatu, nalo ndilo kubwa, isome hadithi kwa sauti mbele ya mtu mzima. Sote tuliopitia chuoni twajua kwamba mwalimu hakutosheka na macho yetu kwenye msahafu. Alisikiliza, na kosa alilikamata kwa sikio. Hadithi nayo yataka sikio kama hilo, na masikio hayo yangaliko barazani kwetu. Tusingoje mpaka yaondoke, ndipo tuanze kuuuliza mtambo bibi zetu walivyokuwa wakisema.