Asiyeshika Ufunguo Hajamiliki Kitu: Nasaha kwa Wanaokimbilia Sarafu za Mtandaoni

Sifa zote njema anazistahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, tumeona ni wajibu wetu kusema bayana jambo ambalo kwa muda mrefu limekuwa likinong'onwa katika mabaraza ya misikiti yetu baada ya sala ya Isha. Huja mtu amevaa kanzu safi, simu mbili mkononi. Huanza maneno yake kwa Bismillahi, na kabla hajanyanyuka huwa ameshawaandikisha waumini kumi katika biashara ya sarafu za mtandaoni. Hutaja faida ya kila siku. Hasemi faida hiyo inatoka wapi. Wala wanaomsikiliza hawamuulizi, kwa kuwa amesali nao safu moja.

Tunamfahamu mzee mmoja mstaafu aliyekuwa ameweka kando sehemu ya kiinua mgongo chake kwa nia ya kwenda Hija. Alimkabidhi mtu wa aina hiyo fedha zote. Akawekewa programu katika simu yake, nayo kila asubuhi ikamwonyesha namba zikipanda. Mzee akifurahi na kumshukuru Mola wake. Siku aliyotaka kutoa fedha ili alipie safari, aliambiwa alipe kwanza "kodi ya kutolea". Akakopa, akalipa. Tangu hapo programu haikufunguka tena, na mtu yule hakupatikana. Tulipomuuliza mzee ufunguo wa sarafu zake uko wapi, alitutazama kwa mshangao. Hakuwahi kuambiwa kuwa kuna ufunguo.

Ufunguo huo ndio maudhui ya makala hii.

Hukumu na elimu

Tunajua baadhi ya wasomaji watauliza kwanza: je, sarafu hizi ni halali au haramu? Ulamaa wa zama zetu wametofautiana. Mufti wa Misri wa wakati huo, Sheikh Shawki Allam, alitoa fatwa ya kukataza biashara ya Bitcoin, fatwa iliyotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2018. Baraza la Ulamaa la Indonesia mwezi Novemba 2021 lilikataza kuzitumia kama fedha, na likaruhusu kuziuza kama bidhaa kwa masharti maalumu. Nchini Malaysia, baraza la sharia la mamlaka ya masoko ya mitaji lilikubali mwaka 2020 kuwa mali za kidijitali zinaweza kuuzwa na kununuliwa. Nayo Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi, katika kikao chake cha Dubai mwaka 2019, iliona suala linahitaji utafiti zaidi.

Hatutii mguu wetu mahali walipotofautiana wakubwa. Anayejiepusha na jambo lenye shubha ameitakasa dini yake, na hatumlaumu hata kidogo. Wala makala hii haimshawishi mtu kununua. Lakini tunasema hivi: kati ya hao wanaokataza na hao wanaoruhusu, hakuna hata mmoja aliyesema inajuzu kutia mali ndani ya kitu usichokijua. Umar bin Khattab (r.a.) aliwazuia watu wasiuze katika soko la Madina mpaka wawe na ufahamu wa dini katika biashara. Leo Muislamu huingia soko lisilo na mlango wala paa bila kujua hata anachonunua!

Ni kitu gani anachomiliki mtu?

Bitcoin, iliyo ya kwanza na mashuhuri kuliko zote, ilielezwa katika waraka wa Oktoba 2008 uliotolewa kwa jina la Satoshi Nakamoto, na ikaanza kazi Januari 2009. Haina noti wala sarafu ya kushika. Kilichopo ni daftari moja kubwa, ambalo nakala zake zimo katika maelfu ya kompyuta duniani, na ndani yake imeandikwa kila sarafu iko katika anwani gani. Idadi yake imewekewa ukomo wa milioni 21.

Katika daftari hilo hakuna jina la Juma wala la Mwanaisha. Kuna anwani, na kila anwani ina ufunguo wa siri. Mwenye ufunguo ndiye awezaye kuzihamisha sarafu. Kwa hiyo kile kinachoitwa "pochi" ndani ya simu hakihifadhi sarafu, kinahifadhi funguo. Na ili binadamu aweze kuutunza ufunguo huo, pochi nyingi humpa mwenyewe maneno 12 au 24, yaliyochaguliwa kutoka orodha ya maneno 2,048, yakiwa katika mpangilio maalumu. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye mali. Simu ikivunjika, maneno yapo, mali ipo. Maneno yakipotea na simu ikaharibika, mali imekwenda, na hakuna mahakama wala benki iwezayo kuirejesha.

Sasa tazameni namna jambo hili linavyokutana na fiqhi yetu. Wanazuoni wamelisisitiza sana suala la qabdhi, yaani kukishika kitu na kuwa na uwezo juu yake. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kuuza asichokuwa nacho, na alikataza biashara ya gharar, yenye ujinga na mashaka ndani yake. Mtu anayeonyeshwa namba katika simu, naye hana ufunguo, ameshika nini? Ameshika ahadi ya mtu mwingine. Huenda ahadi hiyo ikawa ya kweli, na huenda ikawa ya uongo. Lakini asijidanganye kuwa anamiliki sarafu. Anadai tu. Na kama ni deni, basi Suratul Baqara katika aya yake ya 282 imetuamrisha tuliandike na tulishuhudishe. Hao waliotoa fedha zao barazani wana maandishi gani, na mashahidi ni akina nani?

Waliowaachia wengine funguo zao

Msidhani wanaopotea ni wazee wetu peke yao. Kampuni ya Mt. Gox ya Tokyo, iliyokuwa soko kubwa la Bitcoin duniani, ilianguka Februari 2014, na Bitcoin zipatazo 850,000 zikatangazwa kupotea, ingawa baadaye zipatazo 200,000 zilipatikana. Huko Canada, mwenye kampuni ya QuadrigaCX alifariki Desemba 2018, na wateja wakaambiwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa na funguo. Uchunguzi wa tume ya dhamana ya Ontario ulionyesha mwaka 2020 kuwa sehemu kubwa ya mali ilikuwa imekwishapotea kwa ulaghai wake akiwa hai. Novemba 2022 ikaanguka FTX, na mwasisi wake, Sam Bankman-Fried, akahukumiwa Machi 2024 kifungo cha miaka 25. Wote hao wateja walikuwa wakiziona namba zao kwenye kioo hadi siku ya mwisho.

Na wapo waliouziwa kisichokuwapo kabisa. OneCoin, iliyoanzishwa na Ruja Ignatova wa Bulgaria na kuuzwa mpaka Uganda, haikuwa na daftari la kweli. Ilikuwa ni upatu uliovishwa nguo za teknolojia. Mwanamke huyo alitoweka mwaka 2017, na fedha walizotoa watu zinahesabiwa kwa mabilioni ya dola. Sisi wa Tanzania tulikwishaonjeshwa uchungu wa namna hiyo kwa DECI mwaka 2009, watu wakiambiwa wapande mbegu ili wavune. Wakati ule wengi wetu tuliwacheka waliopandiwa na wachungaji wao. Leo upatu umevaa kanzu na umeingia kwetu, na kicheko kimetukauka.

Wala asituambie mtu kuwa serikali itatulipa. Benki Kuu ya Tanzania ilitahadharisha tangu Novemba 2019 kuwa sarafu hizi si fedha halali nchini. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Lakini kutozwa kodi si kudhaminiwa.

Misingi ya kulinda

Anayesema "nimetawakali" na hajafanya lolote, akumbuke mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) juu ya yule mwenye ngamia: amfunge kwanza, kisha atawakali. Basi aliyeamua kuingia, baada ya kuridhika na hukumu ya wanazuoni anaowaamini, ajifunze haya kabla hajatoa hata shilingi.

Kwanza, maneno ya siri yaandikwe kwa mkono kwenye karatasi, au yachongwe kwenye bati. Yasipigwe picha, yasitumwe kwa ujumbe wa simu, yasihifadhiwe kwenye barua pepe. Ziwepo nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, kwa kuchelea moto, mafuriko na mchwa.

Pili, asiambiwe mtu yeyote maneno hayo. Kampuni ya kweli haiyaombi. Anayeyaomba, hata akiwa na ndevu zilizofika kifuani, ni mwizi.

Tatu, kiasi kikubwa kisikae kwenye simu ya kila siku wala kwenye kampuni ya kubadilishia sarafu. Vipo vifaa vidogo mithili ya flashi vinavyotunza ufunguo nje ya mtandao. Vinunuliwe kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwa mtu wa mtaani aliyekwishavifungua.

Nne, kabla ya kutuma kiasi kikubwa, atume kidogo cha majaribio, na aisome anwani yote herufi kwa herufi. Kuna virusi vinavyobadilisha anwani wakati wa kunakili, na sarafu iliyokwenda kusikostahili hairudi.

Tano, ajaribu kurejesha pochi yake kwa yale maneno wakati mali bado ni ndogo. Karatasi isiyojaribiwa si hifadhi.

Mirathi na zaka

Jambo hili wengi hawalifikirii. Mtume (s.a.w.) alituusia kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Akifa mtu na ufunguo wake ukafa naye, amewanyima mjane na mayatima haki ambayo Allah (s.w.) mwenyewe ameigawa katika Suratun Nisaa. Basi na aandike katika wasia kuwa mali hiyo ipo, ni ya aina gani, na maelekezo yapo wapi. Lakini maneno yenyewe yasiandikwe ndani ya wasia utakaosomwa mbele za watu. Yakae ndani ya bahasha iliyofungwa, na mahali ilipo pajulikane kwa waaminifu wawili. Ama zaka, anayeihesabu sarafu hiyo kuwa mali yake asiisahau mwaka unapotimia na nisabu ikafikiwa. Isiwe mali wakati wa kujisifu, ikawa hewa wakati wa kutoa.

Lawama hii ni yetu

Mwisho, tunawageukia viongozi wa misikiti, nasi tukiwamo. Tumekosea kwa pande mbili. Wapo waliowaruhusu wachuuzi hawa kukaa mihrabuni kwa kuwa walichangia mazulia. Na wapo waliosema "haramu" kwa neno moja kisha wakafunga mlango, na vijana wakaenda kujifunza kwa matapeli kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuwafundisha. Neno la katazo lisilo na elimu halimzuii mwenye njaa.

Tunatoa wito kwa mambo mawili. Msikiti wowote usiruhusu mtu kukusanya fedha za uwekezaji ndani yake wala barazani kwake, awe nani. Na kila msikiti uweke darsa japo moja, ambapo ustadhi wa fiqhi na kijana anayeijua kompyuta watakaa pamoja na kuwaeleza waumini mambo haya kwa lugha yao, bila kuuza chochote.

Yule mzee bado anasali nasi. Bado analipa deni la ile "kodi ya kutolea", na Hija yake hatujui kama itapatikana. Siku tutakapoulizwa juu yake, tusije tukajibu kuwa tulikuwepo na tulinyamaza.

Tunamuomba Allah (s.w.) atupe elimu yenye manufaa, riziki ya halali na moyo wa kukinai. Amin.

Wabillahi tawfiq.