Nyumba Yako na Fundi: Hesabu ya Siku Hutangulia Nyundo



Mtu anapokusudia kutengeneza nyumba, kwanza huhesabu fedha, kisha mabati, kisha misumari. Hesabu hizo ni njema, lakini iko moja ambayo husahauliwa mara nyingi, nayo ni hesabu ya siku. Juma hili nataka kunena juu yake, kwa kuwa mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara.

Mwezi wa Machi mwaka 2018 nilipata likizo ya majuma matatu. Nikasema moyoni, hii ndiyo nafasi ya kubadili paa la nyumba ya mama yangu huko Nyeri, na kumwongezea chumba kimoja. Nikamwita seremala, nikamwamuru aondoe mabati yote ya zamani siku ile ile. Mbao mpya nilikuwa nimeziagiza, lakini hazijafika. Mwezi uliotangulia Serikali ilikuwa imesimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na mbao zikawa adimu. Siku ya nne mvua ya masika ikatukuta, na wengi wenu mwakumbuka jinsi ilivyokuwa kubwa mwaka ule. Magunia manne ya mahindi yalilowa, mifuko sita ya saruji ikawa mawe, na mama akalala jikoni majuma matano, hata tulipoyarudisha mabati ya kale. Likizo yangu ilikwisha, nikarudi ofisini nikimwacha katika hali hiyo. Seremala sikumlaumu, maana alitenda nililomwamuru.

Mwezi wa Septemba nilimwendea fundi mzee anayesimamia mafundi wenzake. Huyu hakuja na nyundo, bali na futi na daftari. Alipima nyumba yote, kisha akaniuliza, "Bwana Karani, wataka mama aingie lini?"

Nikamjibu, "Mwisho wa Februari, mzee, kabla ya masika."

Akasema, "Basi tuanzie hapo, turudi nyuma."

Hiyo ndiyo siri ya kazi, wasomaji. Fundi asiye na mpango huanza na siku ya leo na kwenda mbele akitumaini. Fundi mkuu huanza na siku ya mwisho na kurudi nyuma akihesabu. Aliandika mambo haya.

Kwanza, mbao zinunuliwe mapema, zipangwe chini ya kipaa, zikiinuliwa juu ya ardhi na kutengwa kwa vijiti ili hewa ipite. Ubao mbichi husinyaa na kupinda ukikauka, na mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi hautafungika vema.

Pili, msingi na kuta za chumba kipya zijengwe mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi, na paa la zamani likiwa lingali mahali pake, ili mwenye nyumba asikose pa kulala.

Tatu, zege iliyomwagwa juu ya madirisha na milango iwekwe unyevu siku saba kwa uchache, nayo huendelea kupata nguvu kwa majuma kadhaa. Siku hizo za kungoja maseremala wasikae bure, bali watengeneze kenchi na milango wakiwa chini. Hivyo mwashi hamzuii seremala, wala seremala hamzuii mwashi.

Nne, bati la kale lisiinuliwe kabla mbao, mabati na misumari yote haijafika uani na kuhesabiwa. Tena paa lifunuliwe nusu kwanza, na nusu hiyo iezekwe kabla ya kugusa ya pili.

Tano, lipu ipigwe baada ya kuezeka, milango itiwe bawaba lipu ikikauka, na rangi iwe ya mwisho.

Kisha, kwa kila siku tano za kazi aliongeza siku ya sita isiyo na kazi. Nikamwuliza, "Mzee, hizi ni za nini?" Akacheka, akasema, "Hizi ni za Mungu, mwanangu." Mwashi alipougua siku mbili, na lori la mchanga lilipochelewa siku moja, hatukufadhaika, kwa kuwa siku za kufidia tulikuwa nazo. Tarehe 23 Februari 2019 mama aliingia chumbani mwake, nayo masika haijaanza.

Kuhusu malipo, tulipatana kulipa kwa hatua: msingi, kuta, paa, na umalizio, na sehemu moja ikabaki mpaka kasoro zilipotengenezwa. Nilipotaka kuongeza dirisha katikati ya kazi, fundi aliandika kwanza bei yake na siku zake, akaniambia nitie sahihi. Niliona haya kidogo, lakini nilitambua kwamba maneno ya mdomo ndiyo yanayozaa ugomvi kati ya mafundi na wenye nyumba.

Basi wewe mkulima uliyekwisha kuuza kahawa yako, nawe karani uliyepewa likizo, usianze kwa kununua misumari. Mwite fundi mkuu, mkae pamoja, mwandike siku katika daftari. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Mimi naongeza hivi: likizo hutolewa na ofisi, lakini mvua haiombi ruhusa ya karani.